Mabaka na Kibati cha Nne

Kwanza malizeni kucheka. Kila kijana anayeingia karakana ile ya Isevya hapa Tabora akakuta mashine ya randa imeandikwa MABAKA ubavuni kwa rangi nyeupe, lazima acheke, halafu aulize, na mimi tangu nistaafu sina kazi nyingine ila kuulizwa. Binti yangu Zawadi ndiye mwenye karakana sasa. Ameniwekea kiti kizuri chenye mto, mbali na swichi zote, na akiniona nainuka ananiuliza kama nataka chai. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Atakayeuliza tena apewe karatasi asome, mimi ninywe chai yangu kwa amani.

Mabaka lilikuwa jina la ng'ombe wa mke wangu. Alikuwa na wawili, Mabaka na Kijivu, alioachiwa na mama yake, na aliwapenda kuliko alivyonipenda mimi. Simlaumu, maana wao walikuwa wanatoa maziwa. Siku nilipomwambia kwamba kule Bukene kuna karakana imefungwa na mashine ya randa inauzwa, na kwamba nimechoka kuranda mninga kwa mkono mpaka bega moja limekuwa kubwa kuliko jingine, alikwenda kukaa zizini kutwa nzima. Jioni akasema, "Baba Zawadi, wachukue. Lakini ujue umebeba nini."

Nikawauza wote wawili, nikapanda treni kwenda Bukene.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mnapoumizwa. Ukienda kununua mashine ya mtumba, usitazame rangi. Zungusha shafti kwa mkono usikie kama inakwaruza. Ishike, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Ukikuta mashine inawaka, weka ncha ya bisibisi juu ya nyumba ya beringi na mpini wake utie sikioni, utasikia kila kitu mpaka siri za mwenye nyumba. Gonga meza ya chuma kwa nati: chuma kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Na usivae shati jeupe.

Mimi nilivaa shati jeupe, na nikatazama rangi.

Nilichokuta ni mashine imejaa kutu, kuku watatu wanatagia chini yake, na warithi wenye haraka ya kuitoa nyumbani. Tukaipakia kwenye behewa la mizigo pamoja na mayai mawili ambayo hakuna aliyeyaona. Tulipofika Tabora yalikuwa yameshaonekana, na shati langu ndilo lililoyapokea.

Kwa wale ambao hawajaitumia, mashine hii ina meza mbili za chuma, ya kuingilia na ya kupokelea, na katikati shafti yenye visu vitatu inayozunguka kwa kasi. Unasukuma ubao juu ya meza ya kuingilia, visu vinaulamba kwa chini, meza ya kupokelea inaupokea ukiwa umenyooka. Ni hivyo tu. Meza ya kupokelea ya Mabaka imekalia mwili wa mashine kwenye kona nne, kila kona na bolti yake. Zikumbukeni hizo kona, maana ndizo zilizonitesa.

Sasa nimtaje Mzee Ndahani. Alikuwa Mgogo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, fundi mitambo, na alipostaafu akawa anakuja kukaa kwenye karakana yangu kila asubuhi akiwa na stuli yake na kikopo cha ugoro. Mimi ni Mnyamwezi. Wazee wenu wanajua maana yake, ninyi mnatumiana vikatuni kwenye simu mnadhani ndio utani. Babu zetu walipita Ugogo na mizigo ya watu kichwani, na babu zake waliwatoza hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo wapite na wanywe maji. Basi kutoka hapo ukazaliwa utani wetu. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kitu chako humshitaki, unakikomboa. Na ukifa anakuja kukuharibia msiba, na familia yako inapaswa kumshukuru.

Alinizidi umri sana, kwa hiyo kila asubuhi nilimwamkia. "Shikamoo, mtoza hongo."

"Marahaba, mpagazi. Mzigo umeuacha wapi?"

Kila kitu ninachokijua kuhusu mashine, nimefundishwa na mzee huyu, na hakuna hata kimoja alichonifundisha bila kunidhalilisha kwanza. Siku tulipounganisha mota nikaiwasha, ikazunguka kinyume, ikanitemea vumbi la Bukene lote machoni. Alikuwa ameona tangu mwanzo, ameshahamisha stuli yake. Baada ya kucheka mpaka akakohoa ndipo akasema mota ya nyaya tatu ikizunguka kinyume unakata umeme, unabadilishana nyaya mbili zozote, imekwisha. Kwa nini hukuniambia kabla, nikamuuliza. Akasema ningesahau.

Nilitumia wiki nzima kuitengeneza ile mashine. Niliifungua yote, kila nati kwenye kopo lake. Nikaitoa kutu kwa mafuta ya taa na msasa, nikabadilisha beringi zote mbili, mkanda mpya, grisi mpya. Nikaipaka rangi ya kijani ndani na nje, hata mahali pasipohitaji rangi. Nilipoiinua meza ya kupokelea nikakuta chini yake, pamoja na manyoya na kinyesi cha kuku, vipande vya bati vyembamba vyeusi kwa uchafu, kama vilivyokatwa kwenye kopo la maziwa. Nikavifagia vyote.

"Mwenye mashine hii alikuwa mchafu sana," nikamwambia Ndahani.

Hakujibu. Akavuta ugoro. Hapo ningepaswa kushtuka, maana Ndahani hakuwa mtu wa kuacha neno kama hilo lipite bure.

Siku ya kuijaribu nilimwita mke wangu. Alikuja amevaa khanga mpya, akasimama mlangoni amekunja mikono. Nikauingiza ubao wa mninga. Ulitoka ukiwa laini, unang'aa, mimi najisikia sultani. Kisha ncha ya mwisho ilipoiacha meza ya kuingilia, nikasikia *kwaa*. Nikaugeuza. Kiasi cha upana wa vidole vitatu mwishoni mwa ubao palikuwa pameng'atwa, shimo la waziwazi. Nikaingiza mwingine, nao ukang'atwa. Nikaingiza wa tatu, ukang'atwa na pia ukatoka umepinda kama panga la zamani.

Mke wangu akaushika ule ubao, akautazama mbele na nyuma.

"Mabaka alikuwa anatoa lita tatu asubuhi," akasema. "Huyu anatoa nini?"

"Bado namrekebisha, Mama Zawadi."

"Mrekebishe. Akishindikana, kesho asubuhi nitakukamua wewe."

Ndahani akaanguka kutoka kwenye stuli yake kwa kucheka.

Mcheke, lakini mimi sikucheka. Mzee wa kanisa la kijiji kimoja njia ya Kigwa alikuwa ameniagiza mabenchi ishirini, na tulikubaliana aje Jumamosi ayaone manne ya kwanza. Akiridhika, kazi yote yangu. Asiporidhika, anahamia kwa fundi mwingine aliyekuwa ameshamfuata mara mbili. Ilikuwa Jumatatu. Nikikosa kazi ile, wale ng'ombe wangekuwa wameuzwa ili nipate mahali pa kutagia kuku, na mke wangu hakuwa na mama mwingine wa kumrithi.

Basi nikaanza. Nilinoa visu. Nikavipanga upya, na njia yake ni hii: weka rula ya mbao juu ya meza ya kupokelea, ncha yake ipite juu ya visu, zungusha shafti kwa mkono, umeme umekatwa. Kisu kinapaswa kuigusa rula na kuisogeza mbele kidogo sana, upana wa punje ya mchele. Visu vyote vitatu, kushoto na kulia, kiasi kilekile. Kama havigusi kabisa, viko chini. Kama vinaibeba rula na kwenda nayo, viko juu, na ubao utang'atwa mwishoni. Kanuni hiyo ni nzuri na mimi niliifuata. Kushoto vikawa sawa, kulia vikawa juu. Nikarekebisha kulia, kushoto vikaacha kugusa. Kutwa nzima ya Jumanne nilikuwa nakimbia kutoka upande huu kwenda upande ule. Wakati huo Ndahani anahesabu safari zangu kwa sauti.

Jumatano jirani mmoja muuza mkaa alikuja kunishauri. Alisema mashine imewazoea kuku wake na sasa ina majonzi. Ninyi mnaosoma mmeelimika, najua. Mimi pia nilikuwa na akili zangu, lakini ilikuwa Jumatano. Nikaleta kuku mmoja kutoka nyumbani, nikamweka chini ya meza kwenye maranda laini. Akataga. Mashine ikaendelea kung'ata. Mke wangu akaja kuchukua yai, akasema angalau sasa inatoa kitu.

Alhamisi mke wangu hakunitania. Aliniletea chakula, akaiweka sahani juu ya meza ya mashine, akaipapasa ile meza kwa kiganja kama mtu anayepapasa mgongo wa mnyama, akaondoka. Nilishindwa kula. Nawaambia ukweli wangu, kupigwa kelele ningestahimili.

Ijumaa nilipotoka msikitini nilimkuta Ndahani kwenye stuli yake. Nikakaa chini kwenye maranda mbele yake, nikavua kofia.

"Mtoza hongo, nimeshindwa. Niambie unachokijua."

"Umejuaje kwamba najua kitu?"

"Siku niliyofagia chini ya meza ulikaa kimya."

Akakigonga kikopo chake cha ugoro kwa kidole. Ndani kitu kikalia, *kwe kwe*.

"Mpagazi anataka kupita," akasema, "na hajalipa hongo."

Hongo aliyotaka ilikuwa hii: nijaze gunia la maranda, nilibebe kichwani mchana ule, kutoka karakana yangu, nipite sokoni, mpaka nyumbani kwake, yeye akitangulia na fimbo kama kiongozi wa msafara. Nikabeba. Fundi mzima, nimevaa kanzu ya Ijumaa, gunia kichwani, na mbele yangu mzee mfupi anapaza sauti kwamba pisheni, mizigo ya pwani inapita. Wamama wa mchicha wakasimama. Mtu akaniuliza tunalipwa shanga au nguo. Mke wangu alikuwa pale sokoni ananunua dagaa. Alinitazama, akaliweka kapu lake chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu ng'ombe waondoke. Kwa kicheko kile ningezunguka soko mara ya pili, lakini Ndahani hakuniomba.

Tuliporudi akakifungua kikopo. Akatoa vibati vitatu, vile nilivyovifagia, ameviokota na kuvisafisha mpaka vinang'aa.

"Mwenye mashine hakuwa mchafu," akasema. "Mwili wa mashine haukukaa sawa, akaweka hivi chini ya kona za meza mpaka ikanyooka. Tazama." Kwenye kila kibati palikuwa na mikwaruzo ya msumari: kimoja mstari mmoja, kingine miwili, kingine mitatu. Akachukua kisu, akakwangua rangi yangu nzuri ya kijani kwenye kona za mwili wa mashine. Chini yake alama zilezile, mmoja, miwili, mitatu. Kila kibati kilikuwa na kona yake.

"Na kona ya nne?" nikauliza. Niliikwangua, sikuona alama. Nikasema moyoni rangi imeifuta.

Ndahani akafunga kikopo, akakitia mfukoni. "Cha nne ninakaa nacho. Siku nikikupa vyote utaacha kuniamkia."

Niliweka kila kibati kwenye kona yake, nikafunga bolti, nikapanga visu, nikaingiza ubao. Ukatoka mzima mpaka mwisho. Nikaranda wa pili, nikaziunganisha kingo zao mbili zilizorandwa, nikaziinua kuelekea mwanga wa mlango. Hivyo ndivyo mnavyopima, wanangu, acheni kupima kwa maneno: mwanga ukipita katikati, bado. Haukupita hata kama uzi. Mke wangu akaja, akapitisha kidole. Akaenda dukani akarudi na kopo dogo la rangi nyeupe na brashi, akaandika jina mwenyewe.

Nilikesha nikiyaunga yale manne, na Jumamosi mzee wa kanisa alikaa kwenye kila benchi, akayumba kushoto na kulia kwa makusudi, akasema waumini wake ni wazito kuliko yeye lakini yatafaa. Na ile mashine ya msumeno pale kona, iliyonunuliwa baadaye kwa fedha za kazi hiyohiyo, inaitwa Kijivu. Sasa mmejua.

Lakini kibati cha nne kilinitesa miaka. Kila Mabaka alipotoa sauti ngeni nilikwenda kwa Ndahani kukiomba. Nikimpelekea pilau ya Idi, anakula, anapangusa mdomo, ananiambia cha nne kinakusalimu. Krismasi ananiletea jogoo na salamu zilezile. Nilijaribu kukata vya kwangu, vya kopo la maziwa, vya kopo la samaki, mpaka vya karatasi ya sigara. Kila nilichoweka kwenye ile kona, mashine ilianza kung'ata upya. Nikitoa, inapona. Nikaamini kile cha kweli kina unene wa ajabu ambao mafundi wa sasa hatuujui. Nilimweleza hivyo Ndahani, akatikisa kichwa kwa masikitiko akasema ni kweli, elimu hiyo imepotea.

Alipozeeka sana alihamia shambani kwake Kigwa. Mwaka juzi mkewe, Mama Yohana, akapiga simu.

Mbao za jeneza niliziranda mwenyewe. Zawadi alitaka kunisaidia nikamkatalia, kisha nikakubali, maana macho hayakuwa yakiona vizuri na si kwa sababu ya vumbi. Mninga mtupu. Kila kiungo nilikiinua kwenye mwanga. Tukapanda gari mpaka Kigwa.

Walipomaliza ibada wakataka kumtoa uani, mimi nikaenda nikakaa chini mbele ya jeneza nikanyoosha miguu.

"Hapiti mtu," nikasema. "Huyu ana kitu changu. Kibati cha nne kitoke kwanza."

Wageni wakashangaa. Wenyeji wakasema mwacheni, mtani huyo. Mama Yohana akaingia ndani akatoka na kile kikopo. Akapiga magoti, akakifungua mbele ya macho yangu. Kilikuwa kitupu, harufu ya ugoro tu.

"Alijua utakuja," akasema. "Aliniambia, yule mpagazi akikidai, mwambie hakijawahi kuwepo. Ile kona ya nne ndiyo iliyokuwa juu, zile tatu ndizo zilizohitaji kuinuliwa. Akasema, fundi mzima, ameshindwa kujua miaka yote."

Watu walicheka uani kote, na mimi nilicheka kuliko wote, nimekaa pale kwenye udongo nimeshika kikopo kitupu. Kisha nikalia. Sikuona haya na sioni haya sasa. Nilimpenda sana yule mzee.

Nikiwa pale chini nikaona jeneza linacheza. Lilikuwa juu ya stuli mbili, na ardhi ya ua haikuwa sawa, mguu mmoja ulikuwa unaelea. Nikamwomba Zawadi mkasi wa bati kwenye mkoba wake wa vifaa. Nikakata kipande kwenye kifuniko cha kikopo, nikakichora mistari minne kwa msumari, nikakisukuma chini ya ule mguu. Nikalitikisa jeneza kwa kiganja. Likatulia.

"Hongo imelipwa," nikawaambia. "Haya, mnyanyueni."

Nikainuka, nikasogea mbele pamoja na vijana, nikaingiza bega langu, lile kubwa. Gunia la maranda lilikuwa mzigo wake wa kwanza kwangu. Huu wa pili niliubeba mpaka kaburini, na sikutaka mtu anipokee njiani.